Kaeni chonjo, sawa, lakini nani anakesha?

(Niliongea haya mwaloni Kibirizi, yaani pale ufukweni boti za uvuvi zinapofikia, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, mbele ya wavuvi, mama zetu wachuuzi wa dagaa na vijana wa boti. Nimeyaandika kama nilivoyasema, nimejazia tu pale injini za boti ziliponikatiza.)

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu shikamooni. Wadogo zangu, habari za saaizi. Na kwa sisi Waha, mwakeye mwese. Hiyo mwakeye naomba muishike mkononi, nitairudia baadae, sijaisema kwa ajili ya salamu tu.

Mwenyekiti wa mwalo alinipigia simu akasema mwalimu njoo utuongelee usalama, dakika ishirini hivi. Nikamwambia mwenyekiti, mi sio askari na sio mtu wa hali ya hewa, mi nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote ya kazi, kwaiyo nikija nitakuja na maneno. Akasema njoo na maneno yako. Basi nimekuja na neno moja hasa, na mengine ya jirani yake.

Wiki iliyopita lilipita gari la matangazo hapa juu barabarani, spika mbili kichwani, linasema wananchi kaeni chonjo, kaeni chonjo, kaeni chonjo, alafu likakata kona likaenda zake Mwanga. Mi nilikuwa kwa mama anayeuza uji pale chini ya mti. Kijana mmoja wa boti, bado mdogo, hata ndevu hajaota vizuri, akanigeukia akaniuliza, "Mwalimu, sasa chonjo tunakaaje?" Watu wakacheka sana. Mi sikucheka, kwasababu lile ni swali la maana kuliko tangazo lenyewe, nikaenda nalo nyumbani na sikulala nalo vizuri.

Tuanze na hilo chonjo basi. Ni neno zuri, sina ugomvi nalo. Ila mtazame linavokaa kwenye sentensi, halitembei peke yake, lazima lishikwe mkono na "kaa" au "kuwa". Kaa chonjo. Yuko chonjo. Humsikii mtu anasema chonjo yangu imepotea, au nipe chonjo kidogo. Ni neno la mkao, la mwili. Mtu aliye chonjo ni kama golikipa adui anapokaribia, magoti yamekunjika kidogo, mikono wazi, hajui mpira unakuja kulia au kushoto lakini yuko tayari kuruka. Vijana wa mjini nao wana "kaa ange", na wana "kaa mkao wa kula", yote ya ukoo mmoja, yote yanauambia mwili ujikaze. Na ndio tatizo lake hapohapo, ndugu zangu, golikipa anaweza kukaa vile sekunde kadhaa, akikaa vile dakika tisini nzima bila kushuka misuli itamkamata na goli atafungwa tu. Ukimwambia mtu akae chonjo Jumatatu, ukamwambia Jumanne, ukamwambia mwezi mzima bila kumwambia chonjo na nini, siku ya hatari yenyewe atakuwa amechoka na neno lako.

Tuna "kuwa macho" pia. Hili nalipenda kwa sababu ya unyoofu wake, mtu akiwa macho maana yake hajalala, basi. Ukienda wodini ukamuuliza nesi mgonjwa wetu vipi, anakuambia yuko macho, hapo hana maana kwamba mgonjwa anawinda wezi, anasema amefumbua. Alafu neno hilohilo likapanda ngazi likawa na maana ya kutopumbazwa, na wazee wakaongeza "kulala macho", yaani umelala lakini kuna sehemu yako haijalala. Mama mwenye kichanga analijua hilo bila kufundishwa na mtu.

Na "makini". Sasaivi makini imekuwa ya kila mahali, kuwa makini na gari, kuwa makini na hela, makini na mume wa mtu. Asili yake Kiarabu, na huko ilikotoka ina harufu ya kitu kilichosimama imara, kilichotulia mahali pake. Ndio maana wazee wa zamani walikuwa wakisema fulani ni mtu makini hawakuwa na maana anaangaza angaza, walikuwa wanamaanisha hababaiki. Mkitaka kuiona makini kwa macho nendeni mkamtazame nahodha mzoefu aliyekaa nyuma ya boti mawimbi yakianza, haongei sana, hasimami simami, mkono uko kwenye injini na jicho liko kwenye wimbi la tatu, sio lile lililoshamgonga.

Lakini neno nililolijia leo ni kesha.

Sasa ile mwakeye yangu. Sisi Waha tukiamkiana asubuhi tunasema mwakeye, na ukiipasua ndani unakuta kukucha, yaani mmekuchewa, mmefika asubuhi. Kiswahili nacho kina kucha hiyohiyo, kumekucha, usiku kucha, na kwenye kucha hiyo ndio ilikotoka kukesha, na ndugu yake mwingine ni kesho. Kukesha ni kuufikisha usiku mpaka kuche. Sio kukaa macho tu, hapana, ni kukaa macho mpaka. Hiyo "mpaka" ndio roho ya neno. Chonjo haina mwisho, haikuambii utakaa hivo hadi lini. Kesha ina asubuhi ndani yake, anayekesha anajua kuna saa jua litatoka nyuma ya vilima vyetu hivi na ye atanyoosha mgongo.

Na tazameni watu wanalitumia wapi. Tunakesha na mgonjwa. Tunakesha msibani. Kuna mkesha wa maulidi, kuna mkesha wa Pasaka na wa mwaka mpya makanisani, kuna mkesha wa Mwenge. Na nyie mnakesha ziwani. Nimejaribu kutafuta mkesha wa mtu mmoja mmoja, wa kujifungia ndani na roho yako tu, naona karibu kila mahali kuna mwingine anayekeshewa, mgonjwa, marehemu, mtoto, familia inayosubiri dagaa. Hilo sijalisoma mahali, nimelisikiliza kwa watu.

Ngoja niwape kisa cha bibi yangu mzaa mama, maana kwake ndio nililisikia neno hili kwa mara ya kwanza nikalielewa.

Enzi hizo Liemba inafanya safari zake kusini hadi Mpulungu, Zambia. Mnaijua Liemba nyote, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 ikaletwa kwa vipande na kuungwa hapahapa Kigoma, wakaizindua 1915, mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili Waingereza na Wabelgiji wasiipate, ikalala chini ya maji hadi 1924 ilipoinuliwa, na 1927 ikaanza tena kazi. Sasa vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati, mpaka leo vingi havina, kwaiyo meli ilikuwa inasimama mbali kidogo, inapiga honi, mitumbwi inatoka ufukweni na abiria na magunia, wanapanda kwa kushikiliwa mikono. Na ratiba ilikuwepo ndio, ila ziwa lina ratiba yake, meli ya saa mbili usiku inaweza kufika saa tisa.

Basi tuko ufukweni, mi mdogo, labda miaka saba. Kuna mama kama kumi na mizigo yao, samaki wakavu, mahindi, kuku wamefungwa miguu. Baridi ya ziwa inapanda. Bibi amekaa juu ya gunia, khanga moja kajifunga, nyingine kaniwekea mimi. Mi naogopa kulala, naogopa meli itapita bila sisi, kila saa nainua kichwa nauliza imefika? imefika? Bibi akaniwekea mkono kwenye sikio, mkono ule ulikuwa unanuka moshi na samaki, akasema, "Lala. Mi nakesha."

Nikalala. Na nilipoamka nilikuta sio bibi anayekesha, ni mama mwingine, bibi amelala ubavuni mwangu anakoroma. Walikuwa wamepeana zamu wale mama, bila karatasi, bila mwenyekiti, mmoja anakaa na sikio wazi la honi, wengine wanalala, akisinzia anamgusa mwenzake. Meli ilifika alfajiri na hakuna aliyeachwa.

Hapo ndio nimefika kwenye nilichokuja kusema. Ukipiga kelele kaeni chonjo unawaamsha watu wote. Ukisema mi nakesha unawaacha wenzio walale. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa na tumeyachanganya. Jamii ambayo kila mtu yuko chonjo saa zote ni jamii ya watu wasiolala, na asiyelala siku tatu hata umwekee chatu mbele haoni kitu. Jamii iliyo salama ni ile ambayo kuna mtu anajulikana kwa jina kwamba usiku huu ni wake, na wengine wanalala kwa sababu wanamwamini.

Nyie mnalijua hili kuliko mimi. Baba yangu mdogo alinichukua ziwani usiku mmoja nikiwa kidato cha pili, siku za giza, maana mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaji kwenye taa na watu wanakaa nyumbani wanashona nyavu. Enzi hizo ni karabai, sio hizi taa za betri na sola. Zinavuma, ssss, zina joto, wadudu wanajigonga kwenye kioo na kudondokea majini, alafu taratibu unaona chini ya mwanga kitu kama mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu, ndio dagaa hao wanapanda. Mi macho yote yako pale. Ukitazama mbali taa za boti nyingine ziko kama mji mzima umejengwa juu ya maji. Nikamwambia baba mdogo ona, ona walivo wengi! Ye hakuwa anawatazama. Boti nzima ya watu sita, watano wanaangalia dagaa, ye peke yake kageuzia uso kusini. Nikamuuliza unaangalia nini huko na giza hili? Akasema naangalia nyota za chini. Nikatazama na mimi, nyota za juu zipo, zile za karibu na maji upande wa kusini hazipo, kama mtu amezifuta na kitambaa. Akasema vuteni. Wenzake wakalalamika, bado dagaa wanapanda, ungoje kidogo. Akasema vuteni, akashusha taa moja akaizungusha mara kadhaa hewani ili boti za jirani zione. Tulikuwa hatujafika hata karibu na ufukwe upepo ukashuka. Mnaujua upepo wa kusini wa kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, sina haja ya kuwasimulia, na ziwa hili lina kina cha mita 1,470 pale palipo ndefu zaidi kwenda chini, ni la pili duniani kwa kina, halina huruma na mtu aliyekosea kwa nusu saa.

Yule alikuwa anakesha. Watano walikuwa macho tu.

Naomba nigusie na tahadhari maana najua vijana mnapokea zile meseji za utabiri. Tahadhari na hadhari ni mtu na kaka yake, zimetoka Kiarabu, na wahenga wakatuachia hadhari kabla ya hatari. Watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wanayapanga haya maneno kwa ngazi, sio mapambo. Kuna angalizo, hiyo rangi yake njano. Kuna tahadhari, rangi ya chungwa. Kuna tahadhari kubwa, nyekundu. Nimewasikia watu hapa wanasema ah wametoa tahadhari tena, kumbe iliyotolewa ni angalizo, na siku nyingine wanasema ni angalizo tu, kumbe ni tahadhari yenyewe. Angalizo linakuambia fungua jicho, fuatilia. Tahadhari inakuambia badili ulichokuwa unataka kufanya. Mtu asome neno lililoandikwa, asisome lile alilozoea.

Na tahadhari ya kweli huwa ina mikono. Mwaka 2015, mwezi wa tano, wengi wenu mlikuwepo, ndugu zetu Warundi walimiminika Kagunga pale mpakani, maelfu kwa maelfu kwenye kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia, na Liemba hiyohiyo ya bibi yangu ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma. Kipindi kile neno tahadhari halikuwa la kwenye spika tu. Lilikuwa ni maji ya kuchemsha, sabuni, choo, na nani kaangaliwa. Watu walikuwa wanakuambia fanya hiki, usifanye kile, basi ukajua tahadhari inakaaje. Yule kijana wangu wa kwa mama uji asingeuliza swali lake.

Sungusungu nitawagusia kidogo tu. Ilianzia kwa jirani zetu Wasukuma na Wanyamwezi, huko Shinyanga na Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe umewachosha, wakajipanga kwa zamu, wakalinda wenyewe. Jina ni la wale siafu weusi wakubwa wanaotembea kwa msafara na kuuma. Kwenye ng'ombe walisaidia kweli. Lakini kuna mahali macho yale yaliacha kumtafuta mwizi yakaanza kumtafuta jirani, bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni akaitwa mchawi, watu wakapigwa na wengine wakafa. Naliweka hapa kwasababu kukesha kukigeuka kuwindana sio kukesha tena, hata kama firimbi na tochi ni zilezile.

Sasa mama zangu, hili ni la kwenu. Mama yangu mdogo anauza dagaa, sio hapa, mwalo mwingine. Mwaka mzima alikuwa anasikia redioni kaeni chonjo na matapeli, na alikuwa chonjo kweli, ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" aliifuta mara sijui ngapi. Siku aliyopigwa ilikuwa saa nne asubuhi, dagaa wako kwenye chanja, wingu linakuja kutoka juu, anakimbizana kuwaanua kabla mvua haijawaharibia, mikono yote magamba na mchanga, simu ikaita. Sauti ya kijana inalia, mama mwanao amepata ajali ya bodaboda, daktari anataka laki mbili na nusu saaivi. Akatuma. Mtoto alikuwa shuleni mzima kabisa. Nilipoenda kumpa pole watu wamejaa pale wanamwambia ungekaa chonjo mama, na ye anainamisha kichwa, na mi niliumia sana kuliko ile hela, maana walikuwa wanamlaumu mtu aliyekesha peke yake mwaka mzima kwa kusinzia dakika moja.

Wenzake wa kikundi ndio walifanya la maana. Hawakumwambia kitu. Walikubaliana, wako kumi na wawili, kwamba hakuna atakayetuma hela ya dharura kwa mtu yeyote, hata akisema ni mwanae, kabla hajampigia mwenzake mmoja wa kikundi akamsimulia kwa sauti. Basi. Mwenzako hana machozi machoni, hana mvua inayonyeshea dagaa wake, atakuuliza umempigia mwalimu wake? Imeshazuia matapeli wawili mpaka nilipoenda mara ya mwisho. Ni ileile ya ufukweni na bibi yangu, mmoja akisinzia mwingine anamgusa.

Nimeambiwa dakika zangu zimeisha na nimeona boti ya Kagunga inapakia, kwaiyo nimalizie na ombi langu nililolijia.

Mwezi umeanza kupungua, siku chache zijazo giza linarudi na nyie mtarudi majini. Boti hapa ni nyingi na simu mnazo, lakini nimeuliza tangu asubuhi nani kazi yake ni kusoma ule utabiri jioni kabla boti hazijatoka na kuwaambia wengine, kila mmoja ananiambia tunasoma wote. Wote maana yake hakuna. Na nimeuliza nani anabaki ufukweni usiku na taa na namba za simu za manahodha, anayejua boti ngapi zimetoka na ngapi zimerudi, nikaambiwa mlinzi yupo. Mlinzi yule analinda injini, hajapewa hesabu ya watu.

Nimekuja na daftari hili, nimelichora mistari mwenyewe jana usiku. Upande huu tarehe, hapa jina la anayesoma utabiri, hapa jina la anayekesha ufukweni, hapa boti zilizotoka, hapa zilizorudi. Kalamu hii hapa imefungwa na kamba isipotee. Yule kijana wa swali la chonjo yuko wapi? Njoo mbele mdogo wangu, njoo usiogope. Ameniambia asubuhi kwamba ye anataka usiku wa Jumatatu. Mwenyekiti, mwandike wa kwanza, na wa Jumanne ainue mkono.